Baraza la Wanawake wa Kidatooga

Baraza la wanawake wa Kidatooga (girgwagedgademga) ni mkutano wa kimila wa wanawake walioolewa katika jamii ya wafugaji inayoishi hasa Hanang, na pia Mbulu, mkoani Manyara, Tanzania. Halina ofisi, kadi za uanachama wala nishani. Mwanamume akiwakosea wanawake, hasa akivunja heshima ya mzazi aliyetoka kujifungua, akina mama wa jirani hukusanyika, husikiliza shauri na kumtoza faini ya ng'ombe dume. Akikaidi, hulaaniwa, na laana ya akina mama si ya kuchezea. Heshima ya wanawake walioolewa huonekana hata katika mavazi yao: hanang'wenda, sketi ya ngozi wanayovaa, huhesabiwa kuwa vazi takatifu. Mwanaanthropolojia George Klima alilieleza baraza hili katika kitabu chake kuhusu Wabarabaig, kundi mojawapo la Wadatooga, kilichotoka mwaka 1970.