Mwalimu Aggrey, Jamaa Yake, na Deni la Mkulima

Miongoni mwa walimu wa kwanza wa Afrika, sisi wanaushirika tunayo sababu ya pekee ya kumkumbuka James Emman Kwegyir Aggrey; kwa kuwa elimu yake haikukoma mlangoni pa darasa, bali ilifika shambani kwa mkulima mwenye deni.

Alizaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, katika Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu mwaka 1957. Ujanani alifundisha katika shule za misheni ya Wamethodisti. Mwaka 1898 alivuka bahari kwenda Marekani, akasoma katika Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, North Carolina. Alipohitimu alibaki huko akifundisha, akamwoa Bibi Rose Douglass.

Aggrey alikuwa pia mchungaji wa makanisa ya mashambani. Huko aliona jinsi mkulima Mweusi alivyofungwa. Mwanzo wa msimu mwenye duka humkopesha mbegu, mbolea na chakula, na mazao yakawa rehani kabla hayajaota. Mavuno yakija, deni huyameza. Mwalimu aliwafundisha ukulima bora, akawahimiza kununua ardhi yao wenyewe, akawasaidia kuunda chama cha kuweka na kukopa, ili haja ya mmoja itimizwe na akiba ya wote.

Mwaka 1924 alifika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu, naye ndiye Mwafrika pekee katika tume hiyo.

Lakini safari hizo zililipiwa nyumbani. Kwa miezi mingi mkewe na watoto walikaa bila yeye. Tarehe 30 Julai 1927 alifariki ghafula huko New York, na kitinda mimba wake, Rudolph, alikuwa ametimiza mwaka mmoja tu. Bibi Rose, naye mwalimu, aliwalea watoto wanne. Binti yao Abna alikuwa mwalimu, na Rudolph akawa balozi wa Marekani nchini Senegal, kisha Romania.

Ndugu wanachama, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tuwashukuru pia wake na watoto wa viongozi wetu wanaozunguka vijijini. Tena tukumbuke kwamba akopaye asilipe, amemrudisha mwenzake mikononi mwa mwenye duka.