Tulipokwenda Pwani kwa Daraja la Tatu

Ndugu wasikilizaji, Desemba imeingia na shule zimefungwa. Hapa Arusha jambo hilo hujulikana bila kutazama kalenda. Stendi imejaa masanduku, magunia na kuku waliofungwa miguu. Ndugu zetu Wachaga wanahama mji kwa mafungu kwenda Rombo, Marangu na Machame, hata maduka mengine hayatafunguliwa mpaka mwaka mpya. Magari ya watalii nayo yanapishana kuelekea Manyara na Ngorongoro. Katika pilikapilika hizo mtu wa Meru kama mimi hubaki amesimama barabarani akiwatazama wengine, kwa sababu kwao ni hapo hapo alipo.

Juma hili nataka kuzungumza juu ya safari. Sisemi safari ya kazi, wala ya msiba, wala ya kwenda kumwona daktari. Nasema safari ya mtu na mkewe na watoto wao, wanaopanda chombo kwenda mahali kwa sababu tu mahali hapo panapendeza. Vijana hudhani jambo hili ni la Wazungu, au limekuja juzi pamoja na simu za kupiga picha. La hasha. Palikuwa na wakati ambapo karani wa kawaida wa Arusha aliweza kuwapeleka wanawe baharini, na hakuna aliyemwona kuwa tajiri wala mwendawazimu. Wakati huo ulikuwa mfupi, na nina sababu ya kuukumbuka.

Kwanza tuwaangalie waliotutangulia, walisafiri vipi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani na Tanga ilipita nyika za Wamaasai, na kijana wa bara aliyefuatana nayo mpaka pwani alifika huko akiwa amebeba mzigo. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa na Waingereza mwaka 1916, walipoiteka Arusha kutoka kwa Wajerumani, akawa mpagazi wa vita. Alitembea mpaka Kilwa. Bahari aliiona, lakini alipoulizwa inafananaje, jibu lake siku zote lilikuwa moja, kwamba maji yake hayanyweki. Hakuwa na jingine la kuisifia.

Mimi nilizaliwa Nkoaranga mwaka 1944. Safari ya kwanza kubwa niliyoisikia utotoni ni ile ya mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa moto. Ya pili ni ya Kirilo Japhet, aliyetumwa New York mwaka 1952 kuisemea ardhi hiyo mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wazee walichanga fedha za safari hiyo, wengine kwa kuuza kahawa, wengine mbuzi. Basi nilikua nikijua kwamba mtu huondoka kwao akibebeshwa mzigo, akifukuzwa, au akienda kudai haki. Kwamba anaweza kuondoka akiwa anacheka, hilo sikulijua.

Hata reli yenyewe haikujengwa kwa ajili ya kicheko chetu. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Waingereza ndio walioifikisha Arusha, mwishoni mwa mwaka 1929. Shabaha ilikuwa kahawa, katani na mazao mengine ya walowezi. Wajerumani wa Tanga waliitumia pia kukimbia joto. Walishuka Mombo, wakapanda milima ya Usambara mpaka Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, wakaota moto jioni kama wako kwao. Angalieni ajabu hiyo: wao walipanda kutafuta baridi, na sisi tulipoipata reli ile mikononi mwetu tulishuka kutafuta joto. Aliyewahi kulala Nkoaranga mwezi wa Julai atanielewa.

Enzi za mkoloni behewa lilikuwa na rangi. Daraja la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu sisi. Baada ya uhuru madaraja yalibaki, rangi ikaondoka, lakini mfuko wa karani ulikuwa haujaondoka daraja la tatu.

Niliajiriwa serikalini mwaka 1965. Wakati huo mtumishi aliyekwenda likizo alipewa waranti ya kusafiria yeye, mkewe na watoto mpaka kwao. Mwenzangu wa Songea alipata waranti ndefu kama mkanda. Mimi kwetu ni Nkoaranga na ofisi yangu iko Arusha mjini. Serikali ingenilipia safari ambayo kuku wa mama yangu angeitembea kabla ya adhuhuri. Lakini Mungu si Athumani, nilikuwa nimeoa Tanga. Bibi yenu ni Mbondei. Alikuja Arusha kwa kazi ya uuguzi, na baba yake alikuwa kuli wa bandari ya Tanga, akipakia marobota ya katani kwenye matishari, kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali na gati. Wakwe zangu walikaa Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kwa hiyo hoteli tulikuwa nayo, tena isiyo na malipo. Kilichobaki ni nauli, na nauli niliiweka Posta kidogo kidogo mwaka mzima.

Tulisafiri mara ya kwanza Desemba 1971. Nchi ilikuwa inaadhimisha miaka 10 ya Uhuru, na mwezi huohuo uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa ili wageni washuke karibu na mbuga zetu. Arusha ilikuwa imeshazoea wageni. Miaka 10 nyuma yake watu wa sinema walikuwa wamepiga picha hapa na Momela filamu ya *Hatari!*, na baadhi yetu tulimwona John Wayne kwa macho. Wao walikuwa wanakuja, sisi tulikuwa tunakwenda.

Tuliondoka stesheni ya Arusha mchana, watoto watatu, mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa na kahawa ya kumpelekea mkwe. Usa River, Rundugai, Moshi, Kahe. Giza lilitukuta tukielekea Same. Mabenchi yalikuwa ya mbao, na usiku watoto walitandikiwa kanga sakafuni, miguuni mwa watu wasiowajua, ambao waliwafunika bila kuombwa. Kila stesheni ilikuwa na soko lake dirishani: mayai ya kuchemsha, chai, karanga. Kulipopambazuka tulikuwa katikati ya katani. Mistari na mistari ya mikonge mpaka macho yachoke. Mkonge wote ule, kama vitabu vinavyotueleza, ulianzia kwenye miche 62 iliyosalimika kati ya ile iliyoagizwa Marekani na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka uleule wa 1893 reli ilipoanza. Miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na mkwe wangu alisema nusu yake imepita mgongoni mwake.

Alasiri ya kwanza tuliwapeleka watoto Raskazone. Maji yalikuwa yamejaa. Wakacheza pembeni wakiogopa kuingia, wakaonja, wakatema kama babu yangu wa Kilwa. Kesho yake tukarudi asubuhi, na bahari haikuwapo. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, yakaacha tope, kaa na ngalawa zilizolala ubavu. Kijana wangu wa pili, mwenye miaka 5, alisimama akatazama kwa muda, kisha akamgeukia bibi yake: "Bibi, leo ni zamu ya nani?"

Ndugu wasikilizaji wa mjini labda hamjaelewa. Meru tunaishi kwa mifereji. Maji ya mlima hugawanywa kwa zamu. Leo mfereji unafunguliwa kwako, kesho unazibwa unakwenda kwa jirani, na asiyeheshimu zamu huitwa mbele ya wazee. Mtoto alidhani jirani kayachukua.

Mama mkwe alicheka hata akakaa mchangani. "Hayana zamu, mjukuu wangu," akamwambia. "Yamekwenda yenyewe na yatarudi yenyewe saa ya chakula." Yakarudi kweli, na tangu siku ile kijana yule aliamini kuwa bibi yake ndiye mwenye funguo za bahari.

Mkwe wangu mzee hakuogelea. Alivaa kanzu safi, akakaa chini ya mti akituangalia. Alinieleza kwamba enzi za ujana wake ufukwe ule ulikuwa na vilabu vya Wazungu, na mtu kama yeye alifika huko akiwa amebeba sinia. Sasa alikuwa amekaa, na wajukuu zake wanamletea kombe za pwani azihesabu. Sikumwona akifanya kazi yoyote siku ile isipokuwa hiyo ya kuhesabu. Mimi nimehudhuria sherehe nyingi za kitaifa na kusikiliza hotuba nyingi, lakini ukiniuliza uhuru una sura gani, nitakutajia kanzu ile.

Tulikwenda tena mara tatu. Mwaka mmoja tulifika Pangani, nikawaonyesha watoto mto unavyoingia baharini. Hapo nilijisikia mwenyeji, kwa kuwa maji ya Themi, mto huu huu unaopita katikati ya mji wa Arusha, huingia Kikuletwa, yakafika Nyumba ya Mungu, yakatoka huko kwa jina la Pangani mpaka chumvini. Yanasafiri bila tiketi na bila waranti. Watoto walitupa jani la mgomba mtoni wakidai linarudi nyumbani. Nikawaeleza kuwa linatoka nyumbani.

Kisha mambo yakabana. Bei ya mafuta ilipanda duniani kuanzia mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Arusha, ilivunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa. Mpaka na Kenya ulifungwa mpaka Novemba 1983, kwa hiyo hata njia ya Taveta na Voi kwenda Mombasa, waliyoitumia jamaa wengi wa Arusha, ikawa haipo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki. Sabuni ilitafutwa kama dhahabu, sembuse nauli ya kwenda kuoga baharini.

Masika ya mwaka 1981 tulipata simu ya maandishi kwamba mama mkwe amefariki. Njia ya reli ilikuwa imekatika kwa mvua. Basi hakuna, maana dizeli hakuna. Tulilala stendi usiku mbili, bibi yenu akiwa ameshika mfuko wa kahawa ambao hakutaka kuuacha nyumbani. Siku ya tatu tukapata lori la mahindi mpaka Korogwe, kutoka hapo tukaungaunga. Tulifika siku ya tano. Kaburi lilikuwa limeshakauka. Mkwe wangu alitupokea mlangoni, hakulaumu. Alisema tu kuwa Tanga imekuwa mbali. Umbali ni uleule, kilomita mia nne na ushei, lakini mzee alisema kweli.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ya kaskazini ilikuwa imesimama kabisa. Nyasi ziliota kati ya vyuma, watu wakajenga vibanda karibu ya njia, na kizazi kizima cha Arusha kikakua kikidhani stesheni ni jina la mtaa tu. Desemba 2019 abiria walifika tena Moshi kwa reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2020 treni ikaingia Arusha. Nilikwenda kuitazama. Wazee wenzangu walikuwapo, na baadhi yao hawakuona haya kufuta macho mbele za watu.

Tangu nianze kuyagusa mambo haya nimepata barua kadhaa. Msikilizaji mmoja wa Ngarenaro anasema haoni haja ya kulilia treni wakati barabara ya lami ipo na mabasi yanaondoka kila asubuhi. Mabasi yapo, ndugu yangu, nami nayapanda. Lakini piga hesabu ya baba, mama na watoto wanne, kwenda na kurudi, kisha uniambie ni makarani wangapi unaowajua waliokwisha kuifanya safari hiyo. Nimewauliza vijana wanaoendesha magari ya watalii hapa mjini, watu ambao kazi yao ni kumfurahisha mtu aliyevuka bahari mbili ili apumzike. Wengi walinijibu kuwa wake zao hawajaiona bahari hata moja.

Mwingine, wa Usa River, anauliza afanyeje iwapo anataka kuwapeleka wanawe Tanga Desemba hii naye hana mkwe huko. Aende na chakula chake cha njiani, aepuke siku mbili kabla ya Krismasi, na aulize saa za maji kujaa kabla hajawatoa watoto nje. Bibi yenu, ambaye hunisikiliza akiwa jikoni, amenituma niongeze kwamba machungwa hununuliwa Muheza, si Segera, na kwamba kombe za mwaka 1971 bado tunazo, ziko 46, mzee mwenyewe alizihesabu.

Tukutane juma lijalo.