Herufi za Bodoni na Didot: Historia ya Mstari Mwembamba

Katika historia ya uchapaji wa Ulaya, ni maumbo machache ya herufi yaliyotegemea vifaa vya kiwandani kama lile lililoenea mwishoni mwa karne ya 18, ambalo mashina yake ya wima ni manene na meusi, ilhali mistari yake ya kulala, pamoja na serifu, yaani vijimstari vinavyomalizia ncha za herufi, imekondeshwa hadi kukaribia unywele. Herufi za kale zilifuata mwendo wa kalamu, hivyo unene wake ulibadilika taratibu na serifu iliungana na shina kwa mkunjo; katika hizi mpya serifu ikawa bapa, ikakutana na shina kwa pembe mraba. Kwa kawaida umbo hilo husifiwa kuwa zao la ladha ya Giambattista Bodoni wa Parma na Firmin Didot wa Paris, lakini mchango wa karatasi na wino haukuwa mdogo kuliko wa ladha hiyo.

Herufi ya risasi ilianza kama ncha ya chuma cha pua iliyochongwa kinyume, ikagongwa kwenye kipande cha shaba ili kupata kalibu, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa humo. Mchongaji hodari aliweza kuchonga mstari mwembamba sana, ila faida yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa karatasi ya wakati huo ilikuwa na mifuo ya nyaya za chekeche, tena ililowanishwa kabla ya kuchapwa, hivyo wino ulitambaa na mstari ukanenepa au ukakatika. Aliyepunguza kikwazo hicho ni John Baskerville wa Birmingham, aliyewahi kufundisha mwandiko kabla ya kutajirika kwa biashara ya vyombo vya kupakwa vanishi. Kwa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil ya mwaka 1757, alitumia kwa sehemu karatasi laini iliyotengenezwa juu ya wavu uliofumwa, akatumia wino mweusi zaidi, na akazibana kurasa kati ya mabamba ya shaba yaliyopashwa moto. Walikuwapo waliodai kwamba herufi zake zingewapofusha wasomaji. Mwaka 1760 Benjamin Franklin alimwandikia kwamba alimpa mlalamikaji mmoja herufi za mchongaji mwingine, Caslon, akimwambia ni za Baskerville, na bwana huyo akaziona humo kasoro zote alizokuwa akizilalamikia. Ni rahisi kuicheka chuki hiyo, ingawa lalamiko lenyewe lilikuja kupata ukweli baadaye, mstari ulipokondeshwa kupita pale alipoishia Baskerville.

Nchini Ufaransa njia ilikuwa imefunguliwa na wataalamu walioteuliwa mwaka 1692, enzi ya Louis XIV, ambao walichora herufi kwa rula na bikari juu ya miraba. Firmin Didot aliufikisha mwelekeo huo kileleni mwaka 1784, akiwa na umri wa takribani miaka 20. Bodoni, aliyezaliwa Saluzzo mwaka 1740 na kufanya kazi Rome katika kiwanda cha chapa cha Propaganda Fide, kilichochapa vitabu vya wamisionari kwa lugha nyingi, aliitwa Parma mwaka 1768 kusimamia kiwanda cha mtawala Ferdinand. Alianza kwa kutumia na kuiga herufi za Mfaransa Fournier, akazikondesha kidogo kidogo. Kwa kuwa aliishi kwa ufadhili wa watawala, aliweza kuchapa vitabu vyenye pambizo pana, herufi kubwa na maneno machache, ambavyo kwa kweli vilifaa zaidi kutazamwa kuliko kusomwa. Mwaka 1806 alichapa Sala ya Bwana kwa lugha 155. Kitabu cha vielelezo vya herufi zake, *Manuale tipografico*, kilitolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka 5 baada ya kifo chake.

Jijini London umbo hilohilo lilishushwa sokoni. Robert Thorne, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, aliyanenepesha mashina kupita kiasi na kuiacha mistari myembamba ilivyo, na herufi hizo nono zikatangaza bahati nasibu ya serikali hadi ilipokomeshwa mwaka 1826. Balaa halisi, hata hivyo, lilikuwa katika vitabu vya kawaida, ambako umbo hilo lilipunguzwa na kuchapwa kwenye karatasi duni hadi mistari myembamba ikafutika. William Morris, aliyeanzisha matbaa yake ya Kelmscott mwaka 1891, alimchukia Bodoni waziwazi. Hata hivyo, vitabu vya hisabati viliendelea na umbo hilo, na kutoka humo mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alichora herufi zake za kompyuta kwa mfano wa herufi za Monotype Modern 8A.

Karne ya 20 ililirudisha umbo hilo kwenye ukubwa unaolifaa. Baada ya Morris Fuller Benton kuichora upya Bodoni nchini Marekani kuanzia mwaka 1909, magazeti ya mitindo ya mavazi, hasa *Harper's Bazaar* na *Vogue*, yalilifanya kuwa alama yao, kwa kuwa yalikuwa na karatasi ya kung'aa na nafasi tupu ya kutosha. Kompyuta ilileta tena kosa la kukuza na kupunguza mchoro mmoja kwa kila ukubwa, jambo ambalo wachongaji wa chuma hawakulifanya, kwani kila ukubwa waliuchonga peke yake. Jonathan Hoefler, alipochora Didot yake kwa ajili ya *Harper's Bazaar* mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliufuata utaratibu huo wa kale kwa kutengeneza michoro 7 tofauti, kuanzia pointi 6 hadi pointi 96.