Habari za Mtaa wa Landless na Majira Yake

Mtaa wetu una jina la Kiingereza ambalo maana yake ni mtu asiye na ardhi. Uko upande wa mashariki wa mji wa Thika, kando ya barabara iendayo Garissa, jirani na Makongeni, ambayo nayo ina mkonge ndani ya jina lake. Ni ajabu basi kwamba mtaa wenye jina kama hilo hupanga karibu mwaka wake wote kwa kufuata mvua, kama kijiji cha wakulima. Jambo hilo lina historia yake, nasi tumeona yafaa iandikwe katika kijitabu hiki kabla wanachama hawajafika kwenye hesabu za fedha.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Wakati huo sehemu kubwa ya nchi iliyozunguka kituo ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi, nao wakapanda mkonge na kahawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 ilimfanya Mwafrika kuwa mpangaji tu katika nchi ya Mfalme, na ile ya maskwota ya mwaka 1918 ikamtaka aishiye katika shamba la mlowezi amfanyie kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Wakikuyu wa ng'ambo ya mto Chania, Wakamba wa upande wa Machakos, na wengine waliotoka mbali zaidi, ndio waliokuwa mikono ya mashamba hayo.

Hata hivyo, neno lile lenyewe lilipata nguvu ya kiserikali katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1954 Bwana R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Kilimo alitoa mpango ambao hata leo huitwa kwa jina lake. Humo alieleza kwamba wenye bidii na mali wangejiongezea ardhi, na wakulima dhaifu wangepungukiwa, hata pakawa na tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo. Naye akaihesabu hiyo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Ni nadra mtu wa serikali kusema jambo kwa unyofu namna hiyo. Vipande vya ardhi vilipokusanywa na kupimwa huko Kiambu, Fort Hall na Nyeri, wanaume wengi walikuwa kizuizini, hawakuwapo kuonyesha mipaka yao. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, uliwapa mashamba jamaa kiasi cha 35,000 katika nchi nzima. Waliobaki walikuwa wengi kupita hao, na mji kama Thika, wenye viwanda na mashamba ya kibarua, uliwavuta.

Lakini mtu hupoteza shamba asipoteze majira. Mwezi wa Machi ukifika, udongo wetu mweusi unaonata haujalowa bado, utasikia mazungumzo ya mbegu dukani na katika matatu. Mwenye kipande cha mama yake ng'ambo ya Chania huomba ruhusa kazini. Asiye nacho hukodi robo ekari kwa msimu mmoja, au hulima ukingo wa barabara. Kwa Wakikuyu masika ni msimu wa njahi, yaani fiwi nyeusi, na vuli ni msimu wa mwere, yaani mawele, ingawa wapandao mawele siku hizi ni wachache. Majirani zetu Wakamba hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa kwao ndizo zenye uaminifu. Hivyo nyumba mbili zinazotazamana katika ploti moja huweza kuwa na mwaka mpya wa namna mbili.

Liko na jambo la kaburi. Vyama vya Waafrika vya kusaidiana ni vya zamani: kule Nyanza, Askofu Mdogo W. E. Owen aliongoza chama cha walipa kodi tangu mwaka 1923, na wanachama wake waliahidi kupanda miti, kuchimba vyoo na kuua panya. Mijini kazi kubwa ikawa kuwasafirisha marehemu hadi kwao. Vyama vikubwa vya makabila viliamriwa kuvunjwa mwaka 1980, lakini michango ya mazishi haikukoma, ilihamia katika vikundi vidogo vya mitaa kama chetu. Mwenye shamba huzikwa shambani. Asiye nalo jamaa zake huanza kuulizana, naye bado yu chumba cha maiti, ni ndugu yupi atakayekubali.

Mambo hayo mawili, mbegu na kaburi, yalikutana mwaka 2020. Tarehe 6 Aprili, kwa ajili ya maradhi ya korona, serikali ilikataza watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi, na mpaka wake wa upande huu ukawekwa kwenye daraja la Chania. Mvua ilinyesha kwa wingi. Yule aliyekuwa na shamba Murang'a, mwendo mfupi tu kwa matatu, aliweza kuliwaza tu. Wazee waliokumbuka miaka ya pasi za Hali ya Hatari walisema machache. Msafara wa mazishi ulihitaji kibali, na waombolezaji hawakuruhusiwa kuzidi 15. Kwa hiyo jamaa walikaa wakichagua ni mtoto gani wa marehemu atakayevuka mto na yupi atakayebaki. Kwa mara moja mwenye shamba na asiye nalo walikuwa sawa, jambo ambalo Swynnerton hakulitazamia.

Daraja lilifunguliwa tarehe 7 Julai, saa kumi alfajiri, katikati ya baridi. Maharagwe ya waliopanda kwa wakati yalikuwa yakivunwa. Waliovuka siku hiyo wakiwa na majembe walikwenda kufyeka magugu. Majirani zetu Wakamba hawakuwa na haraka. Mvua yao ilikuwa bado miezi mitatu.