Haradali ya Thal na Jenasi Zake Tatu

Arabidopsis thaliana ni mmea mwembamba wa jamii ya haradali, ndugu wa kabichi, figili na sukuma wiki. Huota penye udongo haba: miambani, kandokando ya njia, kwenye mashamba yaliyoachwa. Maua yake meupe ya petali nne ni madogo kiasi cha kupitwa bila kuonekana. Wa kwanza kuueleza ni Johannes Thal, tabibu wa Nordhausen, Ujerumani, aliyeukuta katika milima ya Harz. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1588, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliipanga mimea kwa stameni. Jamii ya haradali inazo sita, nne ndefu na mbili fupi. Ndani yake akatenganisha yenye maganda marefu na yenye mafupi. Mmea wa Thal, wenye maganda marefu membamba, ukaingizwa katika jenasi ya Arabis kwa jina la Arabis thaliana.

Ganda halikutosha. Augustin Pyramus de Candolle, katika uainishaji wake wa 1821, alitazama kiinitete kilivyojikunja ndani ya mbegu. Katika Arabis, mzizi mchanga hulala kwenye ukingo wa kotiledoni, yale majani ya kwanza yaliyomo mbeguni. Katika mmea wa Thal hulala mgongoni mwa kotiledoni mojawapo. Kwa tofauti hiyo, isiyoonekana bila lenzi, mmea ulihamishiwa Sisymbrium, hadi Gustav Heynhold alipoupa jenasi ya Arabidopsis mwaka 1842.

Baadaye jenasi hiyo ikawa kapu la kila haradali ndogo isiyo na pa kwenda. Kosa linaeleweka, maana katika jamii hii maumbo ya matunda yamejirudia mara nyingi kwa mimea isiyo na undugu wa karibu. Mwaka 1997 Steve O'Kane na Ihsan Al-Shehbaz walilichambua kapu hilo: spishi nyingi zikatolewa, chache zilizokuwa katika jenasi ya Cardaminopsis zikaingizwa, zikabaki tisa.

Wakati huo mmea ulikwisha kuwa maarufu maabarani. Friedrich Laibach alihesabu jozi zake tano za kromosomu mwaka 1907, na mwaka 2000 ukawa mmea wa kwanza kusomwa jenomu. Mwaka 2017 jenomu za mimea ya Moroko, Ethiopia, Tanzania na Afrika Kusini zilionyesha kuwa spishi hii, iliyodhaniwa kuletwa Afrika karibuni, ni mwenyeji wa kale barani humu, yenye nasaba zisizopatikana kwingine.