Nyundo ya Mhunzi na Mashine ya Taifa

Kabla ya ukoloni, wahunzi wa Mamba, katika miteremko ya Kilimanjaro, walipata chuma kutoka Ugweno, kaskazini mwa Upare. Huko ukoo wa Washana uliyeyusha mchanga wenye chuma, na mapokeo yasema uliitawala nchi hiyo kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Kwa mvukuto, koleo na nyundo, wahunzi walifua mikuki na majembe. Zana ikivunjika, waliifua upya wenyewe.

Katika miaka ya 1980 Serikali, kwa msaada wa Bulgaria, ilikuwa na kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, cha kuunda mashine za kufanyia kazi ya chuma. Shabaha ilikuwa sahihi: taifa lisilojitengenezea zana huazima hata uhuru wake. Hata hivyo uzalishaji ulikuja kusimama, ilhali nyundo za Mamba ziliendelea kulia.

Hoja si kwamba mkono ni bora kuliko mashine. Fundi wa Tarakea mwenye karakana nyumbani anavihitaji vyote viwili: mashine humpa kasi, tupa na jiriwa humfundisha tabia ya chuma. Swali la kisera ni hili: mashine ikiharibika, nani miongoni mwetu ataunda kipuri chake?