Leso Iliyosema Uani

Wageni wakiona wanawake wa Mombasa hawagombani kwa sauti, hudhani hatuna maneno. Tunayo. Yamechapishwa.

Leso, au kanga kama wasemavyo Unguja, ilianza bila jina, yaani bila maneno. Mwisho wa karne ya 19 ilikuwa nguo ya rangi, fahari ya wanawake waliokuwa wakiziacha kaniki na merikani, nguo walizovishwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907. Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Anayetajwa sana kwa kuyatia ni Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, na ambaye mji ulimwita Abdulla. Wateja walileta misemo, wenye maduka wakaagiza ng'ambo. Huwafikiria mafundi wa Uholanzi na Japani wakichapa vijembe vyetu bila kuelewa hata neno.

Nyanya yangu aliishi mtaa wa Kuze, Mombasa. Ufereji ulikuwa mmoja kwa nyumba mbili, na ufereji mmoja hauishi maneno. Siku moja jirani alimsema pembeni kwamba anamaliza maji. Nyanya hakumfuata. Alikwenda Biashara Street, akafunuliwa leso moja baada ya nyingine, rangi asiziangalie, akarudi na "Hasidi hana sababu". Akaifua kabla hata ya kuivaa, akaianika uani, maandishi yakielekea dirisha la jikoni la mwenzake.

Jirani alinyamaza hadi siku ya arusi mtaani, akaja amejifunga "Mdhaniaye ndiye siye". Nyanya alicheka akakaa kitako. Ramadhani ilipoingia, sahani za futari zilipita uani kama kawaida.

Siri ya leso ni kwamba aliyeivaa hashikiki. Ukimuuliza, "Shoga, hii umenivalia mimi?" atakujibu kwamba alipenda rangi. Nawe ukikasirika umekiri mwenyewe kwamba maneno yamekuenea.

Wako wanaouita huo woga. Mimi siukubali. Nyanya hakuwa mtu wa kufoka; angefoka angekuwa mtu mwingine, na kesho yake angechota maji pale pale. Angenyamaza, donge lingemkaa. Alisema alilotaka, kwa namna yake, na mlango akauacha wazi. Sisemi leso haikuumiza: wake wenza walivaliana zilizokata kuliko kisu, na hapo hapakuwa na kicheko.

Siku hizi vijembe vimehamia kwenye simu, vinatumwa usiku kwa hasira, bure. Leso ilikuwa na bei. Ilibidi utoke, uchague, ulipe, uifue, na njia nzima unafikiri kama ugomvi huo unastahili doti nzima. Hiyo peke yake ilizima ugomvi mwingi kuliko wazee wa mtaa.

Biashara Street bado inauza leso. Ukimnunulia mama mkwe zawadi, isome kabla ya kulipa.